Mto Aliouchagua Mshonaji

Mume wake aliporudi kutoka kuvua, alipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, akanywa fundo moja, kisha akasema, "Asante, mke wangu. Chai nzuri."

Mshonaji alibaki amesimama na sinia tupu. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa alikuwa akimpa mtu huyu chai asubuhi na jioni, na alichokuwa akilipwa ni "imepoa" au "majani haya mmeyachuma makaburini?" Asante hakuwahi kuisikia. Akamtazama usoni. Uso ulikuwa uleule: kovu dogo juu ya jicho, masharubu yaliyonyolewa kwa mstari ulionyooka kama mpaka wa kiwanja. Suruali ilikuwa kavu, shati kavu. Ila chini ya kiti, pale nyayo zake zilipokanyaga saruji, palikuwa pamelowa, na unyevu ule ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea mlango wa chumba cha binti yao.

"Umekanyaga maji wapi?" akamwuliza.

"Mtu akitoka mtoni hulowa," mume alijibu kwa upole, akatabasamu.

Mtaa mzima ulimwita Mpimaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima ardhi, lakini waliomjua walisema hata asingesomea kazi hiyo wangemwita vivyo hivyo. Alipima sabuni iliyobaki. Alipima dakika ambazo binti yake alichelewa kutoka shule. Alipima makosa ya mkewe, na yote aliyakumbuka kwa tarehe. Hakuwahi kumpiga mtu. Ulimi ulimtosha.

Starehe yake ilikuwa moja tu, kuvua samaki wa maji baridi, na hata hiyo aliifanya kama mtihani. Likizo ilipokaribia alitandaza ramani kubwa ya ofisini juu ya meza ya kulia, na kwa wiki tatu mke na binti walikula jikoni, sahani mapajani. Kila mto ulikuwa na ukurasa wake katika daftari: kina, kasi ya maji, ukingo wa mchanga au wa tope, samaki gani, mwezi gani. Jioni alikuja rafiki yake wa uvuvi, fundi baiskeli mmoja aliyeitwa Spoku kwa wembamba wake, wakabishana mpaka chai ikaganda utando.

"Mwaka huu twende Mto wa Daraja," Spoku alisema jioni moja. "Perege wa pale wanajileta wenyewe."

"Watu wa pale ni wengi kuliko perege. Unatupa ndoano unanasa kola ya jirani."

"Basi wa Mashine. Kambale wake unambeba begani kama mtoto."

"Nimempigia simu mlinzi wa pampu. Maji yamepanda, tope tupu. Kambale mwenyewe haoni mkia wake."

Uliobaki ni mto wa tatu, mstari mwembamba wa buluu uliopita mbali na vijiji vyote. Haukuwa na ukurasa katika daftari. Mpimaji aliukodolea macho muda mrefu, kidole kikiuzunguka bila kuugusa. Ndipo mshonaji alipopita na vyombo, na mumewe, aliyekuwa amechoka kukosa uamuzi, akapata pa kupumulia.

"Hebu tumwulize mtaalamu wetu wa vifungo. Chagua wewe, binti wa dereva. Si baba yako aliipita mito yote ya nchi hii? Aliipita tu, maskini, hakuelewa hata mmoja. Ndizo akili mlizorithi."

Spoku aliinamisha kichwa, akaanza kukagua kucha zake.

Baba wa mshonaji alikuwa dereva wa lori, sasa marehemu, na lori lake alikuwa akiliosha kwenye kila mto aliouvuka isipokuwa huo wa tatu. Mshonaji aliwahi kusafiri naye akiwa na miaka tisa. Injini ilichemka hatua hamsini kutoka kwenye mto ule, rejeta ikakauka kabisa, na baba yake akachukua dumu akatembea saa nzima kwenda kutafuta maji kwingine. Aliporudi, jasho likimtiririka, mtoto alimwuliza kwa nini. Akamwambia, "Maji ya hapa yana mwenyewe. Na mwenyewe anapenda sana watu."

Mshonaji aliweka vyombo chini. Akanyoosha kidole, akakibandika juu ya mstari ule mwembamba.

"Huu."

"Kwa nini huu?"

"Hauna watu."

Mpimaji akacheka. "Haya! Leo kafikiri." Akafungua ukurasa mpya.

Angeweza kumwambia maneno ya baba yake. Maneno yalimfika kooni, akayameza. Baadaye alijiapia mara nyingi kwamba hakutaka afe. Alitaka tu apatikane mtu wa kumtisha, hata mara moja, ajue kutishwa kulivyo.

Walikaa mtoni siku nne. Siku ya tano ndiyo hiyo ya chai.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Mpimaji alirudi mapema kutoka kazini na kukaa na binti yake, msichana wa miaka kumi na tatu waliyemwita Kidoti kwa alama ndogo ya shavuni. Alimwuliza habari za shule, na kilichomshangaza mtoto zaidi, alisubiri jibu. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kumshikia mkewe kitambaa kisikunjamane. Bosi wake alipiga simu nyumbani kushukuru, maana wapimaji wenzake walikuwa hawajawahi kuongozwa na mtu mpole namna ile. Majirani walikuja kushona nguo ambazo hazikuwa na haja ya kushonwa, ili waulize tu.

"Mama Kidoti, ulimpeleka kwa mganga gani?" jirani mmoja alisema huku akipimwa kiuno. "Tuelekeze, wengine tuna wagonjwa sugu."

Mshonaji alicheka pamoja nao. Lakini kuna mambo aliyaona na hakuyasema. Mumewe hakutoka jasho, hata pale jua lilipokuwa likichoma mabati yakalia. Alikunywa maji jagi kwa jagi bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka kama pampu. Nyumba ilianza kunuka majani yaliyolowa, kisha tope bichi, na harufu ilikaa kwenye vitambaa hata wateja wakawa wanarudisha nguo. Na hakupepesa macho. Ungeweza kuhesabu mpaka mia.

Jumapili moja mchana, akiwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mume alimvuta kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, na mshonaji akaweka sikio juu ya kifua chake. Hakusikia moyo. Alisikia maji, maji mengi yakipita juu ya mawe, mbali na chini, yakizunguka mahali penye kina, yakinyamaza kidogo kama yanayosikiliza, kisha yakiendelea na safari yao. Na ingawa kila unywele wa mkono wake ulisimama, na ingawa alijua tangu hapo kwamba aliyemkumbatia hakuwa mumewe wala hakuwa mtu, hakuinuka. Mkono ule ulikuwa ukimpapasa bega. Hakuwa amepapaswa bega kwa muda mrefu mno.

Kesho yake alikwenda kwa Spoku, ambaye tangu safari alikuwa hajakanyaga kwao. Alimkuta amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu ambalo halikuwa na ubovu wowote.

"Spoku, kulitokea nini kule?"

"Shemeji, niache nile ugali... niache nitafute riziki yangu."

"Niambie."

Spoku alitazama huku na huku, akanong'ona. "Siku ya pili ndoano yake ilikwama. Akaingia kuinasua, maji yakamfika kifuani, halafu hakuna mtu. Nilisubiri, shemeji. Niliwasha sigara nikaivuta ikaisha. Nikawasha ya pili. Hata povu halikutoka. Nikawa nimekaa nalia, najiuliza nitakuja kukuambiaje. Mara akatoka. Hahemi. Hakohoi. Akaja akakaa karibu nami akaniuliza, 'Wewe unaitwa nani?' Nikamwambia. Akasema, 'Na nyumbani kwangu kuna nani na nani?'"

"Ukamwambia?"

Spoku alizuia gurudumu kwa kiganja. "Nilimtajia wote. Ningefanyaje? Alikuwa ameniuliza vizuri."

Mshonaji alirudi nyumbani akiwa na nia ya kutafuta msaada siku hiyohiyo. Alipoingia bafuni kunawa uso, akasikia sauti ikitoka kwenye tundu la kutolea maji, ndogo, ya mtu aliye chini sana, anayeita na kukohoa, anayeita tena. Iliita jina lake. Haikuwa sauti ya upole. Ilikuwa ileile kavu ya miaka kumi na sita, iliyomwita kila siku kama mtu anayeita kosa, ila sasa ilikuwa na hofu ndani yake, na ilikuwa ikisema njoo, nitoe, nisikie, we mwanamke, nisikie, nakuomba. Mshonaji alipiga magoti kwenye vigae. Kutoka sebuleni alimsikia Kidoti akisoma insha yake kwa sauti, na yule mwingine akimwambia, "Rudia hapo, mwanangu, hapo pamenifurahisha."

Akaenda kwenye cherehani, akachukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akarudi akaziba tundu.

Ukapita mwezi wa kwanza. Ukapita wa pili. Kila alipooga alihakikisha kitambaa kipo mahali pake.

Kilichomwamsha ni mikono ya Kidoti. Siku moja mchana, akimjaribisha sare mpya ya shule, aliona vidole vya mtoto vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa. Akamwuliza. Kidoti akasema hajafua chochote. Akamgusa nywele, zilikuwa mbichi mpaka kwenye ngozi. Kisha akaona jambo jingine: mtoto alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Mama, baba ametandaza ramani. Anasema likizo hii nitakwenda naye mimi. Spoku haji tena. Anasema nichague mto mwenyewe."

Mshonaji alitoka mpaka sebuleni akiwa bado na pini mdomoni. Ramani ilikuwa juu ya meza, na yule aliyekuwa na uso wa mumewe alikuwa amekaa mbele yake, mikono magotini, mpole kama mgeni wa kwanza kufika. Wino wa buluu ulikuwa umelowa ukatanuka, mistari imeungana, Mto wa Daraja umeingia Mto wa Mashine na wa Mashine umeingia ule mwembamba.

"Achague wowote," alisema bila kugeuka. "Yote inafika kwangu."

Bi Mita alikuwa mama mstaafu aliyesoma mita za maji za mitaa ile kwa miaka thelathini. Watu walimfuata kwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ukigonga kila nyumba ya mji kila mwezi utajua kipi ni bomba kuvuja na kipi ni kitu kingine. Alimsikiliza mshonaji mpaka mwisho, akavaa miwani yake.

"Tangu lini umejua?"

"Si muda."

"Mwanangu, mimi si polisi. Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Bi Mita akaifuta miwani yake. "Amekuwa akikutendea mema?"

"Sana."

"Ndiyo kazi yake. Mvuvi hatupi ndoano tupu." Akachukua spana yake. "Asiye na maji hakai. Kesho akiwa kazini tutaikausha nyumba. Ila kumtoa ni nusu ya kazi. Mwenye mwili lazima aitwe arudi, na aitwe na mtu anayemtaka. Usipomtaka, hasikii."

Kesho yake walifunga bomba kuu, wakamwaga ndoo, majagi, chupa ya chai, barafu ya kwenye friji, maji ya pasi ya mvuke, hata ya chungu cha maua. Walifuta sakafu kwa matambara na kuyaanika mbali. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, Mpimaji aliingia kula chakula cha mchana. Kidoti, aliyekuwa amekatazwa kwenda shule, alimkimbilia akamshika kiuno.

Alisimama katikati ya sebule, akavuta hewa.

"Mmefunga maji," alisema kwa huzuni.

"Toka kwa hiari yako," Bi Mita alimwambia. "Mlango u wazi."

"Nimewakosea nini? Mama Kidoti, nimewahi kukutukana? Nimewahi kumliza mtoto?" Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka kama tope la kiangazi, na sauti ilikuwa ikitoka bila midomo kwenda nayo sawasawa. "Mimi nilikuwa nimekaa kwangu. Niliona kidole kinateremka juu yangu kutoka nyumba hii, na moyo nyuma ya kidole ukisema, mchukue. Nikadhani naalikwa. Nimemchukua. Nimekuja kushukuru. Sasa mnataka nini tena? Mnamtaka yule? Nani hapa anamtaka yule?"

Kidoti alikuwa ameukumbatia mwili ule kwa nguvu zote, analia, "Mama, mwache, mama, tafadhali mwache."

"Mwite," Bi Mita alisema.

Mshonaji aliondoa kitambaa kwenye tundu la bafuni, akainama, akaita jina alilopewa mumewe na mama yake. Hakuna kitu. Akaita tena. Chini kulikuwa kimya kama kisima kilichofukiwa. Alijaribu kukumbuka wema wake, na akaupata mmoja: siku alipozaliwa Kidoti alimpima kwa utepe wa kushonea, akaandika urefu kwenye daftari, akaupigia mstari mara mbili. Aliushika wema huo, akaita. Haukutosha. Aliinua kichwa akaona, kupitia mlango, vidole vya binti yake vilivyokunjamana vikizama kwenye shati la kiumbe kile, vikizama kweli, kitambaa na nyama vikifunguka kama maji yanavyofunguka kumpokea anayeingia, mpaka kwenye kifundo cha mkono, mpaka kwenye kiwiko, na mtoto akitabasamu katikati ya machozi yake kama mtu aliyefika nyumbani. Na hapo mshonaji akapiga ukelele wa jina lile kwa sauti ambayo hakujua anayo, akimtaka mtu yule na ulimi wake na vipimo vyake na chuki yake yote, kama mtu anavyotaka mlango wa kufungia nyumba inayovamiwa.

Maji yalitoka. Yalitoka puani, mdomoni, machoni, meusi, yenye majani na vidagaa hai, yakajaa sebule mpaka kwenye vifundo vya miguu, yakazunguka mara moja kama yanayotafuta kitu, kisha yakatoka mlangoni na kushuka barabarani. Kidoti alirushwa ukutani. Katikati ya sakafu alibaki mwanamume amejikunja, anatapika, anakohoa, ngozi nyeupe kama ya samaki aliyesahaulika ndooni. Alifumbua macho. Akapepesa.

"Nani kamwaga maji yote haya?" alisema.

Bi Mita akaokota spana yake, akaenda zake bila kuaga.

Kidoti alipona mikono baada ya wiki moja. Mambo mengine hayakupona. Alimwambia mama yake mara moja tu, akiwa anakunja nguo, "Mlimfukuza baba yangu."

"Baba yako ni huyu."

"Najua," Kidoti alisema. Alipomaliza shule alipata kazi mji mwingine, tena aliuchagua ule usio na mto, na anapopiga simu huzungumza dakika mbili.

Mpimaji hakuvua tena. Alirudia ukali wake, lakini ulikuwa umepungua makali. Alisema neno baya kisha akanyamaza katikati, kama aliyesahau linaishia wapi. Kwa miaka mitatu hakutaja lolote kuhusu alikokuwa. Kisha jioni moja mshonaji akiwa anatia uzi kwenye sindano, alisema, "Kule chini mtu husikia."

Mshonaji hakuinua macho.

"Nilikuita siku sitini na nane. Nilizihesabu. Siku ya kwanza ulikuja karibu, nikakusikia unapumua. Halafu pakawa giza."

"Niliziba."

"Kwa nini ulinifungulia?"

Uzi ulikataa kuingia. Aliulowesha kwa ulimi, akajaribu tena. Angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa wema.

"Kwa ajili ya mtoto."

Mpimaji alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyepima kiwanja mara ya pili na kupata vipimo vilevile. Akanyoosha mkono, akachukua sindano na uzi kutoka kwa mkewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa bado mazuri kuliko ya mwenzake, akatia uzi, akamrudishia. Kisha akainuka na kwenda kukaa nje peke yake.